Cheche Zitokanazo na Mvuke na Matone ya Maji: Ufafanuzi wa Majaribio ya Armstrong, Faraday na Kelvin

Ikisiri

Makala haya yanafafanua majaribio ya karne ya 19 ambamo maji yalizalisha umeme tuli wenye volti za kutosha kurusha cheche: mtambo wa mvuke wa William Armstrong, uchunguzi wa Michael Faraday kuhusu chanzo cha umeme huo, na kifaa cha matone cha William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin. Hoja inayojengwa ni kwamba mtambo na kifaa hicho, ingawa mara nyingi huelezwa kwa pamoja, hutegemea michakato tofauti, na kwamba chumvi kidogo ikitiwa katika maji inatosha kuitenganisha michakato hiyo. Inaoneshwa pia kwamba tofauti hiyo iligusa uhai wa watu waliofanya kazi katika meli za mafuta mwishoni mwa mwaka 1969.

Istilahi muhimu: umeme tuli, mvuke, ukungu, chaji, induksheni, cheche

1.0 Utangulizi

Katika majira ya vuli ya mwaka 1840, fundi aliyeendesha injini ya mvuke katika mgodi wa makaa ya mawe karibu na mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, alipata mshtuko ambao hakuutarajia. Mvuke ulikuwa ukivuja kwenye kiungo kilicho karibu na valvu ya usalama ya boila. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mvuke huo; alipoupeleka mkono wa pili kwenye wenzo wa valvu, cheche iliruka kati ya wenzo na mkono wake. Habari hizo zilimfikia William George Armstrong, ambaye wakati huo alikuwa wakili mjini Newcastle na mpenzi mkubwa wa mitambo. Alikwenda kujionea mwenyewe, kisha akamwandikia Faraday barua iliyochapishwa mwaka huohuo katika jarida la Philosophical Magazine.

Tukio hilo lisingepewa uzito mkubwa kama lisingegusa mjadala uliokuwapo tayari. Mwaka 1782 Alessandro Volta, akishirikiana na Lavoisier na Laplace mjini Paris, alidai kuona kwamba maji yanapogeuka mvuke huacha chombo chake kikiwa na chaji hasi. Kutokana na dai hilo ilionekana rahisi kueleza radi: jua huvukiza maji, mvuke hupanda na chaji chanya, mawingu hujaa umeme. Kwa msomaji wa mwaka 1840, boila iliyorusha cheche ilionekana kuwa ushahidi mzito kuliko wote wa nadharia hiyo. Boila ni chombo ambamo maji huvukizwa kwa wingi, na hapo hapo umeme ulionekana kwa macho na kusikika kwa mkono.

Ushahidi huo, hata hivyo, ulisomwa vibaya. Sehemu ya kosa hilo imejificha katika neno lenyewe linalotumika kuutaja.

2.0 Neno mvuke na kinachoonekana

Katika Kiswahili cha kila siku, kile cheupe kinachopanda kutoka kwenye kikombe cha chai huitwa mvuke. Kinachofuka kwenye sufuria ya wali ni mvuke, na kinachosukuma injini ya treni ya zamani ni mvuke pia. Kwa mahitaji ya jikoni, matumizi hayo hayana dosari. Kwa mahitaji ya fizikia yana utata, kwa sababu maji yaliyo katika hali ya gesi hayaonekani kabisa. Birika linapochemka kwa nguvu, pana nafasi ndogo mbele ya mdomo wake ambapo hakuna kinachoonekana. Hapo ndipo mvuke halisi ulipo. Weupe huanza sentimita chache mbele, pale mvuke unapokutana na hewa baridi na kurudi kuwa maji katika umbo la matone madogo mno. Weupe huo, kwa usahihi, ni ukungu.

Katika makala haya, neno mvuke linatumika kwa maana ya maji yaliyo gesi tu. Ukungu ni matone madogo yanayoelea hewani, na matone ni maji yanayoanguka au kurushwa yakiwa na ukubwa wa kuonekana moja moja. Mgawanyo huu unaweza kuonekana wa kubana sana, lakini ndio ulioamua hatima ya nadharia ya Volta.

3.0 Mtambo wa Armstrong na uchunguzi wa Faraday

Baada ya kujiridhisha kwamba jambo hilo ni la kweli, Armstrong aliamua kulifanya litokee kwa makusudi. Alitengeneza boila iliyosimama juu ya miguu ya kioo ili chaji isipotelee ardhini. Mvuke ulipitishwa katika mabomba yaliyopozwa kiasi, kisha ukatolewa kwa kasi kupitia midomo myembamba iliyowekwa mbao ngumu ndani yake. Mbele ya midomo hiyo palisimamishwa safu ya ncha za chuma zilizopokea chaji kutoka kwenye mkondo wa mvuke. Mtambo mkubwa zaidi wa aina hiyo ulioneshwa mwaka 1843 katika Polytechnic Institution mjini London. Ulikuwa na midomo 46, na cheche zake zilifikia urefu wa inchi 22, yaani karibu sentimita 56. Mashine za kusugua kioo zilizotumika katika maabara za wakati huo hazikufikia nguvu hiyo.

Sehemu ya mtambo inayostahili kuangaliwa zaidi ni ile ya kupoza mabomba. Kama umeme ungetokana na uvukizi, kuupoza mvuke kabla haujatoka kungekuwa hasara tupu. Armstrong alipoza kwa sababu uzoefu ulimwonesha kwamba mvuke wenye unyevunyevu hutoa umeme mwingi zaidi.

Faraday alieleza sababu yake. Katika mfululizo wa 18 wa taarifa zake za utafiti wa umeme, uliosomwa mbele ya Royal Society mapema mwaka 1843, aliripoti kazi aliyoifanya kwa boila ndogo iliyotengwa na ardhi kwa vihami. Matokeo yake yalikuwa ya moja kwa moja. Mvuke mkavu ulipotoka peke yake, umeme haukuonekana. Matone yalipochanganyika na mvuke na kusuguana na ukuta wa bomba, umeme ulionekana mara moja: maji yaliyorushwa yalikuwa na chaji chanya, na boila ilibaki na chaji hasi. Kisha Faraday akauondoa mvuke wenyewe katika jaribio. Alitumia hewa iliyoshindiliwa, na akaona jambo lilelile: hewa kavu haikutoa umeme, lakini hewa iliyobeba maji ilitoa. Hivyo kazi ya mvuke ilikuwa kusukuma tu. Chanzo cha umeme kilikuwa msuguano wa maji na kitu kigumu, na Faraday alitamka wazi kwamba jambo hilo halikuwa na uhusiano na uvukizi wala na umeme wa mawinguni.

Majaribio yake mawili ya ziada yanahitaji kukaliwa kwa muda. La kwanza ni la chumvi. Faraday alipotia chumvi au asidi kidogo katika maji yanayopita bombani, umeme ulikoma. La pili ni la mafuta. Alipotia mafuta ya tapentaini, umeme haukukoma bali uligeuka: mkondo ukawa hasi na boila ikawa chanya. Tokeo hili la pili linaondoa shaka yoyote iliyobaki. Uvukizi haubadilishi ishara yake kwa sababu ya tone la mafuta. Uso unaosuguliwa hubadilika, kwa kuwa mafuta huyafunika matone, na kinachogusana na mbao si maji tena.

Faraday alieleza athari ya chumvi kwa kusema kwamba maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo chaji hurudi ilikotoka kabla haijatenganishwa. Maelezo hayo yanakubalika hadi leo, ila sasa yanaweza kutolewa kwa vipimo. Maji yanapogusa kitu kigumu, aina moja ya ioni hushikamana zaidi na uso wa kitu hicho, na ioni za ishara ya pili hubaki ndani ya maji karibu na uso, zikifanya tabaka pacha. Katika maji safi kabisa, unene wa tabaka hilo, unaoitwa umbali wa Debye, unakaribia mikromita 1. Mkondo unaopita kwa kasi unaweza kulichota tabaka nene namna hiyo na kuondoka na chaji yake. Katika maji yenye chumvi ya moli 0.1 kwa lita, umbali huo hupungua hadi karibu nanomita 1, yaani takriban mara elfu moja. Tabaka jembamba kiasi hicho limeganda ukutani, na mkondo hupita juu yake bila kuchota kitu cha maana.

4.0 Kifaa cha matone cha Kelvin

Mwaka 1867 William Thomson alieleza mbele ya Royal Society kifaa kilichotumia maji ya bomba, pete mbili na makopo mawili. Hakikuhitaji moto wala shinikizo. Kwa sababu ya wepesi huo, kifaa hiki kimebaki jaribio la nyumbani na la darasani hadi leo, na ndicho ambacho wengi huanza nacho wanapotaka kuona cheche ya volti kubwa inayotokana na maji.

Maji hushuka katika mikondo miwili inayokatika kuwa matone. Kila mkondo hupita katikati ya pete ya chuma bila kuigusa, kisha matone huangukia kwenye kopo lake. Kopo la kushoto limeunganishwa kwa waya na pete ya kulia, na kopo la kulia na pete ya kushoto. Ikitokea, kwa bahati tu, pete ya kushoto ikawa na chaji hasi kidogo, itavuta chaji chanya kwenye tone linaloning'inia juu yake. Tone likikatika huondoka na chaji hiyo chanya hadi kwenye kopo la kushoto. Kopo hilo huipa pete ya kulia uchanya. Pete ya kulia huyafanya matone ya upande wake kuwa hasi. Na kopo la kulia, likipokea uhasi huo, huurudisha kwenye pete ya kushoto ambako mambo yalianzia. Kila mzunguko huukuza ule uliotangulia. Baada ya muda mfupi volti hufikia maelfu, na ukuaji hukoma pale cheche inaporuka, au matone yanapoanza kusukumwa pembeni na kukosa kopo.

Nishati inayotumika ni ya anguko la maji. Lita moja inayoshuka nusu mita hutoa karibu jouli 5. Makopo na waya vikiwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 20, na volti zikafikia 10,000, chaji iliyohifadhiwa ni mikrokulombi 0.2 na nishati yake ni milijouli 1. Kwa kuwa hewa ya kawaida huvunjika kwa takriban volti 3,000 kwa kila milimita, cheche ya volti hizo ina urefu wa milimita 3 hivi. Ni kidogo mno kumdhuru mtu mwenye afya. Hata hivyo, mchanganyiko wa hewa na gesi nyingi za mafuta ya petroli, ukiwa katika kiwango kinachowaka kwa urahisi zaidi, unahitaji takriban robo ya milijouli tu kuwaka. Hesabu hiyo itarejewa katika sehemu ya tano.

Chumvi ikitiwa katika maji ya kifaa cha Kelvin, kifaa huendelea kufanya kazi. Hili huwashangaza waliosoma kuhusu Faraday kwanza, lakini ni matokeo ya lazima ya namna kifaa kinavyofanya kazi. Hapa hakuna msuguano. Chaji hugawanywa kwa induksheni, na induksheni inahitaji maji yanayopitisha umeme ili chaji ifike kwenye ncha ya tone kabla halijakatika. Mtambo wa Armstrong huhitaji maji yasiyopitisha umeme vizuri; kifaa cha Kelvin huhitaji yanayopitisha. Mwalimu anayetaka wanafunzi watofautishe michakato hiyo miwili hana haja ya chombo cha gharama, kwa kuwa chumvi ya jikoni inamtosha.

Kinachokiua kifaa cha Kelvin ni unyevu juu ya vihami. Katika mazingira ya pwani ya Afrika Mashariki wakati wa masika, kifaa hukataa kabisa, na kwa kawaida lawama hutupiwa hewa yenye unyevu kwamba inapitisha umeme. Kauli hiyo si sahihi. Hewa yenye mvuke hubaki kihami kizuri. Utando mwembamba wa maji na vumbi juu ya mbao au kioo kinachobeba makopo ndio unaovujisha chaji. Kuvifuta vihami, kuvikausha kwa joto na kuvipaka nta husaidia kuliko kusubiri kiangazi.

Usawa wa maelezo haya usichukuliwe kuwa majaribio yote mawili yanafaa kurudiwa nyumbani. Lita moja ya maji ikivukizwa huhitaji nafasi ya takriban lita 1,700 katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Boila ya kujitengenezea iliyozibwa vibaya hupasuka kwa nguvu inayolingana na hesabu hiyo, na mkondo wake hubabua ngozi. Hatari nyingine ni kuunganisha kifaa cha matone na kapasita kubwa ili cheche zinone. Mtungi wa Leyden wa nanofaradi 10 uliojazwa kwa volti 30,000 hubeba jouli 4.5, ambazo ni maelfu ya mara ya zile za makopo matupu. Baya kuliko yote ni kuacha umeme tuli na kutumia transfoma iliyotolewa katika oveni ya maikrowevu. Volti zake, takriban 2,000, zinaonekana ndogo kuliko za Kelvin, lakini hutoa mkondo usiokatika unaoua. Kwa hiyo idadi ya volti peke yake haipimi hatari.

5.0 Michakato ikikutana: matangi ya meli mwaka 1969

Mwaka 1892 Philipp Lenard alichapisha uchunguzi wake kuhusu hewa ya karibu na maporomoko ya maji, ambayo huwa na chaji hasi. Maji yanapopigwa na kuvunjika kuwa vipande, vile vidogo zaidi huelea hewani na chaji ya ishara moja, na vile vikubwa huanguka na ishara nyingine. Mchakato huu ni wa tatu, kwa kuwa hauhitaji bomba la kusuguana nalo wala pete ya kushawishi. Kwa miongo mingi ulibaki jambo la wataalamu wa hali ya hewa.

Mwezi Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka ndani ya wiki tatu. Kila moja iliweza kubeba zaidi ya tani 200,000. Marpessa ililipuka karibu na pwani ya Senegal na kuzama, Mactra katika Mlango wa Msumbiji, na Kong Haakon VII karibu na Liberia. Zote zilikuwa safarini bila shehena, na katika zote matangi yalikuwa yakioshwa kwa mashine zinazorusha maji kwa shinikizo kubwa. Mabaharia walikufa. Uchunguzi uliofuata ulielekea zaidi kwenye umeme tuli wa ukungu uliotokana na maji hayo ya kuoshea.

Mtu aliyesoma jaribio la chumvi la Faraday peke yake angeweza kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa matangi yaliweza kuoshwa kwa maji ya bahari, na maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko ile iliyozima boila yake. Hapo ndipo kuchanganya michakato kunapogharimu. Chumvi huzima msuguano bombani. Haizuii ukungu kupata chaji pale maji yanaporushwa kwa nguvu na kuvunjika kwenye kuta za tangi.

Swali lililobaki ni kwa nini meli hizi, ilhali matangi yalikuwa yakioshwa kwa miaka mingi. Sehemu ya jibu imo katika ukubwa. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba ukungu una chaji ya nanokulombi 20 kwa kila mita ya ujazo na umejaza chombo cha duara cha chuma kilichounganishwa na ardhi, volti katikati ya chombo hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Chombo chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kitakuwa na volti zisizofika 4 katikati. Chenye nusu kipenyo cha mita 10 kitakuwa na takriban volti 37,700. Ukungu ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni tangi. Ndiyo maana jaribio la jikoni haliwezi kutumika kama ushahidi wa usalama wa jambo hilohilo likifanywa kwa ukubwa wa meli.

Hata hivyo, ukungu huo hauwezi kujirushia radi. Uga wa umeme ukingoni mwa chombo hicho cha mita 10 ni takriban volti 7,500 kwa mita, ilhali hewa huvunjika kwa takriban volti milioni 3 kwa mita. Cheche inahitaji kipitishi kinachoukusanya uga huo mahali pamoja. Bonge la maji linalokatika kutoka kwenye mdomo wa mashine ya kuoshea, likiwa ndani ya uga wa ukungu, huondoka na chaji ya induksheni kama linavyoondoka tone linalopita katika pete ya Kelvin. Linapokaribia chuma cha tangi huweza kuiachia chaji hiyo kwa cheche. Maji ya bahari, kwa kuwa yanapitisha umeme vizuri, hufanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi. Chumvi iliyoinyamazisha boila ya Faraday inaisaidia cheche hapa. Robo ya milijouli iliyotajwa awali haihitaji bonge kubwa.

Hatua zilizochukuliwa baadaye hazikujaribu kuyazuia maji yasipate chaji. Kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zilizofuata ziliwataka wamiliki wa meli kubwa za mafuta kujaza matangi gesi isiyowasha moto, kwa kawaida moshi wa boila za meli uliosafishwa na kupozwa, ili oksijeni isizidi asilimia 8 ya ujazo. Katika kiwango hicho gesi ya mafuta haiwaki, hata cheche iruke. Kuingiza mvuke katika tangi lenye hewa inayoweza kuwaka, utaratibu ambao kwa macho ya kawaida ungeonekana njia nzuri ya kuifukuza hewa hiyo, nako kumekatazwa katika miongozo ya usalama ya meli hizo. Mvuke unaotoka bombani huja na matone, kama ulivyokuja katika boila ya Newcastle.